Mama Mkubwa na Nyota za Finsbury Park

Mpenzi msomaji, naomba nianze kwa kukiri. Nimemcheka mama yangu mkubwa kwa miaka mingi. Mbele yake nilikuwa natabasamu tu, si unajua adabu zetu, ila tukishakata simu mimi na binamu zangu tulikuwa tunavunjika mbavu. Kisa chenyewe ni hadithi moja aliyokuwa akiirudia kila Idi, kila harusi, kila tukikaa naye mkekani. Eti zamani, alipokuwa msichana London, aliingia usiku kwenye jumba fulani, akapita pembeni ya birika la maji lenye samaki, akapita chini ya matao kama ya kwetu Mji Mkongwe, akakaa kitini, na alipoinua macho akaona nyota. Ndani ya nyumba! Na juu ya kuta kuna vijumba vidogo vidogo vyenye madirisha yanayowaka taa. Kisha akatokea Bob Marley.

Sasa wewe ungesemaje? Unguja tunaijua. London tunaijua. Bob Marley ndiyo kabisa. Lakini vyote hivyo kwenye sufuria moja?

Mama mkubwa alizaliwa Vuga, Unguja. Mapema mwaka 1975 alikwenda London kusomea uuguzi, akiwa na miaka ishirini na kidogo, na huko ndiko alikoolewa, akazaa watoto watatu na kumzika mumewe. Mwishoni mwa mwaka 2023 daktari alisema kumbukumbu zake zimeanza kulegea. Alikuwa amesahau sufuria jikoni mara mbili, na siku moja akapotea akitoka sokoni, mtaa aliokaa miaka thelathini. Binti yake mkubwa, ambaye ndiye anayemwangalia, akaanza kuandika orodha ya dalili kwenye simu ili ampelekee daktari. Akanitumia na mimi niione.

Niliisoma nikiwa ofisini, katikati ya kusahihisha kurasa za mapishi. Sufuria ilikuwemo. Kupotea kulikuwemo. Halafu chini kidogo: "Anasema aliona nyota ndani ya ukumbi London. Anachanganya London na Zanzibar."

Hapo kicheko kilinikauka. Maana hadithi ile haikuanza na ugonjwa. Mama mkubwa alikuwa akiisimulia tangu mimi nina miaka sita, na kichwa chake wakati huo kilikuwa kizima kuliko vyetu wote.

Juni 2024 nilikuwa na safari ya kikazi London ya wiki moja. Binamu akaniomba nifikie kwa mama yake, Walthamstow. "Dada, kaa naye, halafu uniambie wewe unamwonaje," alisema. Nyuma ya ombi hilo kulikuwa na jambo zito. Familia ilikuwa inaamua kama mama mkubwa aendelee kukaa kwake au ahamishiwe kwenye nyumba ya kulelea wazee. Na mimi, mtu wa kutoka Dar na sanduku la kilo 23, nilikuwa nimepewa kura.

Mtoto wa Majestic

Kabla hatujafika Finsbury Park, ngoja kwanza nikupitishe Vuga, la sivyo hutamwelewa mama mkubwa.

Wazanzibari wa rika lake walilelewa na sinema. Pale Vuga lilikuwepo jumba la Royal, lililofunguliwa mwaka 1921, baadaye likaitwa Majestic. Liliungua mwaka 1953, mwaka aliozaliwa mama mkubwa, na likajengwa upya mwaka 1955. Kwa hiyo yeye na jumba jipya walikua pamoja. Kwenda sinema haikuwa kama sisi tunavyojitupa kwenye kochi na tamthilia ya Kituruki. Watu walivaa. Nywele zilisukwa tangu jana yake, buibui lilifukizwa udi, na familia nzima ilitoka kwa miguu kwenda kutazama filamu ya Kihindi, huku watu barazani wanawatazama wanavyopita. Ukitaka kuchumbiwa, jamani, ulipaswa uonekane pale.

Mama mkubwa anasema alikuwa anaingia mapema kusudi autazame ukumbi kabla taa hazijazimwa. Filamu yenyewe ilikuwa ya pili. "Miye napenda nyumba kubwa," aliniambia usiku wangu wa kwanza kwake, tukinywa chai ya maziwa jikoni. "Unaingia, unajiona na wewe mkubwa."

Kisha, bila kuulizwa, akaanza tena hadithi ya nyota.

Safari hii sikutabasamu. Nikamuuliza, "Mama mkubwa, jumba hilo lilikuwa wapi hasa?"

Akaniona kama mjinga. "Finsbury Park. Ukitoka stesheni tu. Hujawahi kuniuliza."

Kweli. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nilichokikuta usiku ule

Alipolala nikachukua kompyuta. Yaani msomaji, dakika tano hazikuisha nikawa nimesimama katikati ya sebule na mkono mdomoni.

Jumba lipo. Lilifunguliwa tarehe 29 Septemba 1930 kwa jina la Astoria, kazi ya msanifu Edward Stone, aliyejenga Astoria nyingine London, ikiwemo ile ya Brixton ambayo nayo baadaye ikawa ukumbi wa muziki. Ya Finsbury Park ilikuwa na viti zaidi ya 3,000. Nje ni jengo la kawaida tu, wala huwezi kugeuza shingo. Siri yote iko ndani. Ilijengwa kwa mtindo uliokuwa umevuma Marekani miaka ya 1920, wa kumfanya mtazamaji ajihisi amekaa nje, usiku, chini ya mbingu. Dari limepakwa rangi ya bluu iliyokolea na kutobolewa vitaa vidogo vya nyota. Juu ya jukwaa na pembeni kuna kuta za mji, na paa zake, na vidirisha vyake vinavyowaka. Mji gani? Mji wa Andalusia, Hispania ile iliyotawaliwa na Waislamu kwa karne nyingi. Na kwenye ukumbi wa kuingilia, chini ya matao, kuna birika la chemchemi lenye umbo la nyota.

Nikakaa chini. Kumbe hakuchanganya chochote. Wasanifu ndio waliochanganya! Binti wa Vuga alitoka kwenye mvua ya London, akaingia mlango mmoja, akakuta matao, taa za kuning'inia na kuta za mji wa Waislamu chini ya nyota. Nani asingesema ameona kwao?

Niliendelea kusoma hadi saa nane usiku. Hapa itabidi univumilie kidogo, maana historia ya jumba hili ni tamu.

Uingereza nayo ilikuwa na ugonjwa wa sinema kama Unguja, tena zaidi. Mwaka 1946 ziliuzwa tiketi zaidi ya bilioni 1.6 nchi nzima. Kisha televisheni ikaingia sebuleni, na kufikia mwaka 1970 tiketi zilikuwa zimeshuka hadi milioni 193. Sasa jumba la watu 3,000 utalijaza na nani? Wamiliki wengi waliyageuza majumba yao kuwa kumbi za bahati nasibu, wengine wakayabomoa. Astoria iliokolewa na jambo moja: ilijengwa na jukwaa la kweli. Mwaka 1930 mtu alikata tiketi akapata filamu, kinanda, wachezaji na wachekeshaji, vyote jioni moja. Kwa hiyo vyumba vya kubadilishia nguo vilikuwepo, shimo la wapiga ala mbele ya jukwaa lilikuwepo, na sauti ilifika hadi viti vya juu kabisa. Bendi zilipoanza kutafuta mahali pakubwa pa kupigia, jumba lilikuwa linazisubiri.

The Beatles walifanya hapo maonyesho yao ya Krismasi, kuanzia mkesha wa Krismasi 1963 hadi Januari 1964. Tarehe 31 Machi 1967 Jimi Hendrix alilichoma moto gitaa lake kwa mara ya kwanza, palepale jukwaani. Kwenye orodha ya wasanii wa usiku huo alikuwemo kijana mmoja aitwaye Cat Stevens, ambaye miaka kumi baadaye alisilimu na leo tunamfahamu kama Yusuf Islam. Hili nilimsimulia mama mkubwa asubuhi, akasema "Mashaallah" na kuendelea kukanda chapati.

Filamu zilikoma mwaka 1971. Tarehe 4 Novemba mwaka huo The Who walilizindua upya kama Rainbow, ukumbi wa roki. Mwezi mmoja tu baadaye ikatokea balaa ambayo sisi wa magazeti ya mapenzi hatuwezi kuiruka. Frank Zappa alikuwa anamalizia onyesho lake, jamaa mmoja akapanda jukwaani akamsukuma kwenye lile shimo la wapiga ala. Akavunjika mguu, koo likaumia, akakaa kwenye kiti cha magurudumu kwa miezi, na sauti yake haikurudi kama zamani. Sababu? Iliripotiwa kwamba mpenzi wa yule jamaa alikuwa amesema anampenda Zappa. Wivu, ndugu zangu. Kumbuka neno hilo, tutalirudia.

David Bowie alipita hapo mwaka 1972 na Ziggy wake, Eric Clapton akarudi jukwaani hapo Januari 1973 baada ya kupotea kwenye dawa za kulevya. Halafu nikafika mwaka 1977, mwaka wa mama mkubwa.

Viti vilivyong'olewa

Kuna kipande kimoja cha hadithi yake ambacho binamu zangu walikuwa wanakipenda kuliko vyote. Alikuwa anasema ukumbi ulikuwa mzuri mno, "lakini ati viti vingine vilikuwa vimeng'olewa." Kila mara tulimuuliza, vimeng'olewa na nani, panya? Na yeye alikuwa ananyamaza.

Tarehe 9 Mei 1977 bendi ya The Clash ilipiga Rainbow. Vijana walipandwa na mzuka wakang'oa viti kama mia mbili. Wiki tatu na ushei baadaye, tarehe 1 hadi 4 Juni, kwenye jukwaa hilohilo alipanda Bob Marley na The Wailers.

Marley alikuwa London kama mkimbizi wa aina yake. Desemba 1976 watu wenye bunduki walikuwa wamemvamia nyumbani kwake Kingston na kumjeruhi yeye na mkewe. London ndiko alikorekodi albamu ya Exodus, na ilitoka tarehe 3 Juni, katikati ya maonyesho yale. Jiji zima lilikuwa limevaa bendera, maana wiki iliyofuata Malkia Elizabeth alikuwa anasherehekea miaka 25 ya kutawala. Marley mwenyewe alikuwa na kidonda kwenye kidole cha mguu alichokipata akicheza mpira. Hakuna aliyekijali sana. Baadaye kilikutwa ni saratani, na tarehe 11 Mei 1981 akafariki akiwa na miaka 36. Onyesho la Rainbow lilipigwa picha za filamu, na hadi leo unaweza kulitazama.

Nikaangalia kalenda. Tarehe 4 Juni 1977 ilikuwa Jumamosi. Mama mkubwa siku zote husema: "Ilikuwa Jumamosi, kesho yake nilikuwa zamu ya asubuhi."

Msomaji, nililia. Nilikuwa nalia kwa aibu.

Tunaingia

Jumapili mchana tulipanda treni ya chini ya ardhi, mstari mmoja tu kutoka Walthamstow hadi Finsbury Park. Mama mkubwa alivaa mtandio wake wa zari na viatu vya kutokea. Njiani alinisahau kidogo, akaniita kwa jina la mama yangu, kisha akajirekebisha mwenyewe. Nakueleza hili ili usije ukadhani naandika hadithi ya miujiza. Ugonjwa upo. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ameweka funguo ndani ya friji.

Lakini tulipotoka stesheni sikuhitaji ramani. Alinishika mkono akaongoza yeye.

Rainbow ilifungwa Desemba 1981. Jengo liko kwenye orodha ya yale yanayolindwa kisheria tangu mwaka 1974, kwa hiyo huwezi kulibomoa, na kulikarabati ni pesa ndefu ambayo wamiliki hawakuwa nayo. Likakaa tupu miaka mingi. Mwaka 1995 likachukuliwa na Universal Church of the Kingdom of God, kanisa lenye asili ya Brazil, nao ndio walioling'arisha upya. Kanisa hilo lenyewe lilianzishwa Julai 1977, mwezi mmoja baada ya usiku wa mama mkubwa. Nimeshakuambia mimi ni mtu wa tarehe.

Sisi watu wa Afrika Mashariki jumba la sinema kugeuka kanisa au duka si jambo geni. Tumeshuhudia mengi hivyo, Nairobi na Dar. Ila nilikuwa na wasiwasi: mwanamke wa Kiislamu mwenye miaka 71, na mimi na kamera shingoni, tunafika kanisani siku ya Jumapili kuulizia Bob Marley.

Kijana wa mlangoni alitusikiliza hadi mwisho. Nilipomaliza akamgeukia mama mkubwa, siyo mimi, akamwambia kwa heshima tusubiri ibada iishe, watu wakitoka tutaingia. Tulikaa kwenye kibaraza cha duka la ng'ambo, tukala ndizi. Mama mkubwa hakuongea.

Watu walipotoka, tukaingia.

Birika lilikuwepo. Lenye umbo la nyota, vigae vyake vinang'aa, palepale aliposema. Mama mkubwa alisimama pembeni yake muda mrefu, akainama, akatazama majini.

"Samaki hawapo," alisema.

"Hawapo, mama mkubwa."

"Walikuwepo." Akanyooka. "Basi. Miaka mingi."

Tukapita chini ya matao, tukaingia ukumbini. Nimefanya kazi ya kuandika kwa miaka zaidi ya kumi na bado sijui nikuelezee vipi. Unatoka kwenye mwanga wa mchana, macho yanachukua muda kuzoea, halafu unaona ukuta wa mji. Minara, vibaraza, vigae vya paa, vidirisha. Na juu ya hayo yote anga ya usiku, kubwa, isiyo na mwisho. Mie mwenyewe, mtu mzima, nilitafuta upepo.

Mama mkubwa hakuangalia juu. Nadhani hakuwa na haja. Alikuwa anaangalia viti vya ghorofani. Akanyoosha kidole. "Tulikaa kule. Mkono wa kushoto, karibu na ngazi."

"Mlikaa?" nikauliza. Maana miaka yote hadithi ilikuwa na mtu mmoja.

Uliota

Alikuwa dereva wa basi. Mjamaika. Walijuana kituoni, yeye akitoka zamu ya usiku na dereva akianza ya asubuhi, na kwa mwaka mzima mazungumzo yao yalikuwa ya dakika kumi na mbili, umbali wa vituo vitano. Kaka mkubwa wa mama mkubwa, mjomba wetu, alikuwa naye London ndiye mlezi wake, na nyumbani Unguja mume alikuwa ameshaandaliwa. Mama mkubwa alikwenda Rainbow kwa uongo. Alisema yuko zamu.

"Akanishika mkono?" alijiuliza mwenyewe, kabla sijamuuliza. "Alinishika. Wimbo wa mwisho. Ndo basi."

Mwaka uliofuata akaolewa na yule aliyeandaliwa. Na hapa naomba usiharakishe kumhurumia, kwa sababu mimi nilifanya kosa hilo akanikata kauli. Marehemu alikuwa mume mwema. Alimpenda. Walicheka pamoja miaka arobaini na moja. Kuna jambo moja tu. Mwanzoni mwa ndoa mama mkubwa alimsimulia mumewe juu ya lile jumba, nyota, samaki, viti. Hakumtaja dereva. Mumewe alisikiliza, akanyamaza, kisha akasema: "Uliota."

Na kila aliposimulia, mumewe alisema hivyohivyo, kwa sauti ya utani, mbele ya watoto. Uliota, mke wangu. London hakuna nyota hata nje.

"Alikuwa anajua," mama mkubwa aliniambia, bado anaangalia kule juu. "Mwanamme anajua. Nilikuwa nasimulia ukumbi, yeye anasikia mtu."

Nikamkumbuka yule jamaa aliyemsukuma Zappa shimoni. Kuna wivu wa kusukuma mtu, na kuna wivu wa mtu mpole, wa neno moja linalorudiwa mezani miaka arobaini hadi watoto wanalikuta limeshakuwa ukweli wa nyumba. Sidhani marehemu alikusudia. Asingejua kwamba siku moja utani wake utaingia kwenye orodha ya daktari. Lakini uliingia.

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kuja kuonyesha watoto, jumba liko vituo vichache tu kutoka kwake. Alinitazama. "Ningekuja na nani?"

Kuhusu kijana wa Shangani

Nisiwe mwongo, kuna kipande hakikukaa sawa. Tukiwa tunatoka alisema, "Na yule kijana wa Shangani, mtoto wa Bulsara, naye aliimba hapa." Anamaanisha Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, familia yake ikahamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964. Siku hizi watalii wanapanga foleni kwenye makumbusho yake palepale Shangani, lakini rika la mama mkubwa wengi hawakuwa na habari naye.

Ni kweli Queen walipiga Rainbow, Machi 1974 na tena Novemba mwaka huohuo. Tatizo ni kwamba mama mkubwa alifika London mwaka 1975. Nikajikuta mkono unakwenda kwenye simu, niandike: amechanganya. Ule ugonjwa wa kuhakiki.

"Ulimwona, mama mkubwa?" nikauliza badala yake.

"Nimwone wapi, sikuwepo. Nimesema aliimba. Wauguzi wenzangu walinihadithia." Akacheka kidogo. "Nyie watoto mna haraka."

Nikarudisha simu mkobani.

Jioni ile, tukiwa kwenye treni, nilimtumia binamu yangu picha tatu bila maneno. Birika. Kuta za mji. Nyota. Tukafika Walthamstow, tukapika, tukala, hakuna jibu. Vialama viwili vya bluu tu. Amesoma. Nilianza kuogopa kwamba nimemuumiza. Huyu ndiye anayeamka usiku mama yake akitoka nje bila viatu, huyu ndiye anayelipia dawa, na mimi nimekuja wiki moja na picha zangu. Ikitakiwa mama mkubwa ahame, atahama, na hakuna nyota itakayozuia sufuria kuungua. Nilimwandikia hivyo, na nikamwambia kura yangu: bado kidogo, aendelee kukaa kwake, na mtu awe anakuja kila siku.

Saa nne usiku simu ikalia. Nikadhani atanipigia kelele. Alikuwa analia, ila kimya kimya, kama mtu aliyejificha bafuni.

"Nilimwandikia daktari," alisema. "Niliandika anachanganya."

"Najua."

"Baba ndiye aliyekuwa anasema ameota. Mie nikaamini tu."

Sikumwambia habari ya dereva. Hiyo si yangu kuisema, na mama mkubwa amenipa ruhusa niiandike hapa kwa sharti kwamba binti yake aisikie kwanza kutoka kinywani mwake, jambo ambalo amekwishalifanya.

Tukakaa kimya kidogo. Kisha binamu akavuta pumzi, akauliza, "Mama yuko macho?"

"Yuko hapa. Anakunja nguo."

"Muulize alivaa nini siku ile."

Nikampa simu. Mama mkubwa aliisogeza sikioni, akaweka chini fulana aliyokuwa anakunja, akakaa vizuri kitandani na miguu juu, kama msichana.

"Gauni la kijani," alisema. "Na lilikuwa si langu. Sikiliza."